Hosipawa za Karatasini

Ukitaka kuona matrekta yote "namba moja duniani" bila kupanda ndege, anzia Enterprise Road hapa Nairobi asubuhi, kata Lusaka Road, umalizie Mombasa Road kabla foleni ya jioni haijashika. Kila shorumu ina namba moja yake. Hili ni namba moja kwa mauzo, lile kwa ubora, la tatu ndilo kipenzi cha mkulima mdogo, na la nne, ambalo bado halina la kujisifia, limeandikiwa tu kwamba ni chaguo la mkulima mwerevu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hilo nalijua. Nilipokaa chini kuyapitia madai hayo moja baada ya jingine, nikakuta karibu yote ni ya kweli, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni mjomba wangu. Analima viazi Njabini, Kinangop Kusini, na mnajua ilivyo: ukiwa ndiwe unayeishi Nairobi, basi wewe ni ubalozi wa ukoo mzima. Unafuatilia hati Ardhi House, unampokea mgonjwa anayeletwa Kenyatta, na sasa unatafuta trekta. "Mpwa wangu, wewe uko karibu nao, niangalizie kale kadogo," aliniambia kwa simu. Kadogo, yaani la hosipawa 25 hadi 45 hivi, linalosukuma magurudumu yote manne, lenye kuzungusha rotaveta (ile zana ya visu ya kusaga udongo), kukata majani ya ng'ombe na kuvuta trela la magunia hadi barabarani. Mimi ni mhasibu. Sijawahi kukalia kiti cha trekta zaidi ya kupigwa picha pale Jamhuri Park wakati wa maonyesho ya kilimo, lakini maandishi madogo ya chini ya ukurasa ndiyo riziki yangu, na watengenezaji wa matrekta madogo wameyaandika kwa wingi.

Basi tuanze na hiyo namba moja. Mahindra ya India hujitangaza kuwa ndiyo inayouza matrekta mengi zaidi duniani, na ni kweli, mradi uhesabu idadi. Ndani ya idadi hiyo mna Swaraj, kampuni ya Punjab ambayo Mahindra iliinunua mwaka 2007 na ambayo hadi leo huuza kwa jina na rangi zake. India peke yake hununua zaidi ya matrekta laki nane kwa mwaka, mengi yakiwa ya kati ya hosipawa 30 na 50, kwa hiyo anayeitawala India ameshashinda mbio za idadi kabla wengine hawajafunga kamba za viatu. John Deere ya Marekani ikiacha idadi na kuhesabu fedha, yenyewe ndiyo ya kwanza katika zana za kilimo. Kubota ya Osaka, iliyoanza mwaka 1890 kama kiwanda cha kusubu vyuma, hupenda kuhesabu matrekta madogo tu, kwa sababu huko ndiko ilikojengea jina. Ilifungua kampuni yake ya Marekani mwaka 1972, wakati makampuni makubwa ya huko yalikuwa yameliacha soko la trekta dogo yakikimbilia mashamba yasiyo na mwisho. Wajapani walikuwa na trekta la kuingia kwenye jaruba la mpunga, na Wamarekani wakaligundulia kazi ya kukata nyasi na kusukuma theluji. Leo zaidi ya nusu ya matrekta yanayouzwa Marekani yako chini ya hosipawa 40. Massey Ferguson nayo, isiposhinda idadi wala fedha, huuza umri: babu yako alikuwa nalo.

Kila mmoja ameichagua rula inayompendeza. Ukiniuliza mimi, hilo halinikeri sana. Linalonikeri ni ukoo uliofichwa nyuma ya rangi. Matrekta madogo ya John Deere ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yale ya 850 na 950, yalitengenezwa na Yanmar kule Japani. Massey Ferguson ndogo nyingi zimetoka kwa Iseki, Japani hiyohiyo. New Holland Boomer kadhaa zimetoka kwa LS ya Korea Kusini. Massey Ferguson zilizofika Afrika, baadhi zilikuwa za TAFE ya Chennai zenye injini ya Simpson, nyingine za Millat ya Lahore, na TAFE hiyohiyo inamiliki Eicher tangu 2005. Escorts ya India, yenye Farmtrac na Powertrac, iko mikononi mwa Kubota tangu 2022. Mahindra ilinunua theluthi moja ya kampuni ya zana za kilimo ya Mitsubishi mwaka 2015, na katika ndoa hiyo wakazaliwa OJA, matrekta mepesi yaliyozinduliwa Cape Town tarehe 15 Agosti 2023. Kwa hiyo wauzaji wawili wanaosemana vibaya kutoka pande mbili za barabara huenda wanauza watoto wa boma moja. Nilimwambia hivyo muuzaji mmoja. Akacheka, akaniongezea soda.

Sasa hosipawa, ambayo ndiyo kiini cha yote.

Miaka mia moja iliyopita trekta la Marekani lilibeba namba mbili katika jina lake. Waterloo Boy ya modeli N, kwa mfano, ilikuwa 12-25: hosipawa 12 za kuvuta plau na 25 za kuzungusha mkanda wa mashine. Mkulima alijua papo hapo kwamba nguvu inayofika ardhini ni nusu ya ile inayofika kwenye mkanda. Siku hizi tumebakishiwa namba moja, na kati ya namba zote zinazowezekana, iliyochaguliwa ni ile kubwa kabisa: nguvu ya injini ikipimwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa injini, mara nyingi kabla feni na vikorokoro vingine havijachukua fungu lao. Nguvu hiyo ikipita kwenye gia hadi kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta, hupungua kwa asilimia 10 hadi 15. Ikipita kwenye magurudumu hadi kwenye udongo mlaini wa Kinangop, hupungua zaidi ya hapo, hasa trekta likiwa jepesi na tairi zikateleza.

Hayo yote yako kwenye karatasi ukiitafuta. Ambalo sikulikuta kwenye kipeperushi chochote ni mwinuko. Viwango vya kimataifa vya kupima injini huchukulia kwamba hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 100 na joto la nyuzi 25. Hiyo ni hewa ya Mombasa. Nairobi, tukiwa juu kidogo ya mita 1,700, tuna kilopaskali 82 hivi. Njabini iko juu zaidi ya mita 2,500, na huko zinabaki kama 75. Dizeli ni ileile, hewa ya kuiunguzia ndiyo imepungua kwa robo, na usipopunguza mafuta utaona moshi mweusi ukipanda bombani. Mafundi wana kanuni yao: injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Basi chukua trekta lililoandikwa 35. Likifika kwa mjomba limekuwa la 26. Toa kinachopotea njiani hadi PTO, umebaki na 22 au 23. Mjomba ananunua 35, analipia 35, anachukua mkopo wa 35, na rotaveta yake haijapata kukutana na hizo 35 hata siku moja.

Tabo huirudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, maana kazi yake ni kuisukuma hewa ndani kwa lazima. Nilitarajia wauzaji wa Nairobi wawe wanalitangaza hilo kwa sauti kubwa: mashamba yetu mengi mazuri yako juu ya mita 2,000, kuanzia Limuru hadi Timau hadi Uasin Gishu. Hakuna. Vipeperushi vimechapishwa kwa ajili ya dunia nzima, na dunia nzima ya kipeperushi iko ufuoni mwa bahari.

(Nikiwa kwenye mwinuko: mwaka 1958, tarehe 4 Januari, Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini kwa matrekta ya Ferguson TE20, mashine zisizofika hosipawa 30, ambazo leo tungeziita kadogo. Ncha ya Kusini iko kwenye mita 2,800, juu kuliko Njabini. Massey Ferguson wameisimulia hadithi hiyo kwa miaka na miaka, na mwaka 2014 wakatuma trekta jipya kuirudia safari. Ni tangazo bora kuliko yote niliyoyaona, na halina neno hata moja kuhusu viazi. Harry Ferguson mwenyewe alikuwa bingwa wa mambo hayo: mwaka 1948 aliliendesha trekta lake kwenye ngazi za hoteli ya Claridge's, London, mbele ya wageni waliovaa suti.)

Kutokuaminiana kwa mkulima na kipeperushi kuna historia, na kipande chake kitamu kiko Nebraska. Mwaka 1916 hivi, huko Minneapolis, kulikuwa na kampuni iliyoitwa Ford Tractor Company. Henry Ford wa magari hakuwa na uhusiano wowote nayo. Wenyewe walikuwa wamemtafuta mtu mwenye jina la ukoo Ford, wakamweka kwenye kampuni ili jina liwe halali, kisha wakauza trekta bovu kwa mgongo wa jina hilo. Inasemekana ndiyo sababu Henry Ford alipotoa trekta lake ilibidi aliite Fordson. Mmoja wa walionaswa alikuwa mkulima wa Nebraska, Wilmot Crozier. Trekta halikufanya lililoahidiwa, akaletewa jingine, nalo likawa vilevile. Akajaribu la kampuni nyingine iitwayo Bull, halikumfaa. Hatimaye akapata Rumely OilPull iliyofanya kazi kuliko hata ilivyodaiwa. Mtu mwingine angeishia kulalamika sokoni. Crozier aliingia bungeni, na mwaka 1919 Nebraska ikapitisha sheria: hakuna trekta litakalouzwa katika jimbo hilo kabla halijapimwa na chuo kikuu na matokeo kuchapishwa. La kwanza kupimwa, mwaka 1920, lilikuwa ni ile Waterloo Boy N niliyoitaja, ambayo wakati huo kiwanda chake kilikuwa kimeshanunuliwa na John Deere.

Niliposoma kisa hicho nilifurahi, nikadhani nimepata dawa. Kisha nikaendelea kusoma. Sheria ya Nebraska ingalipo, ila siku hizi humbana mwenye kuuza matrekta ya hosipawa 100 kwenda juu. Madogo yameachwa huru. Kundi ambalo wanunuzi wake wengi ni wageni wa matrekta, watu wanaonunua kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho, ndilo halilazimishwi kwenda mizani.

Afadhali India. Huko Budni, Madhya Pradesh, serikali ina kituo cha kupima matrekta, makubwa kwa madogo, na ripoti zake huweka ubavuni kwa ubavuni kile mtengenezaji alichodai na kile kilichoonekana kwenye kipimo. Kwa kuwa matrekta mengi madogo yanayoletwa Mombasa yametoka India, ripoti hizo zinatuhusu kuliko tunavyodhani. Mimi sasa nikiingia shorumu naomba ripoti ya kipimo kwanza, kabla ya bei. Majibu ni ya kila aina. Kuna aliyeniuliza kama ninatoka KEBS, shirika la viwango.

Pia usidhani hosipawa zinapangwa na mahitaji ya mkulima. Angalia Marekani: John Deere 3025E ina hosipawa 24.7, Kubota L2501 ina 24.8. Wamekuwaje wakagota wote mlango mmoja? Sababu ni sheria ya moshi. Tangu 2013, injini ya dizeli ya kuanzia hosipawa 25 hadi 75 inabanwa sana kwa masizi, na ili itimize masharti mara nyingi huhitaji filta maalumu na mfumo wa mafuta unaoendeshwa kwa umeme. Chini ya 25 unaachwa na pampu yako ya kizamani. Basi watengenezaji wakajazana kwenye ukingo. Halafu ukingo wenyewe ukageuzwa tangazo: mmoja anajisifia kuwa hana filta, mwingine anajisifia kuwa injini yake ni safi. L2501 na ndugu zake wa hosipawa 33 na 37 na ushee wanashiriki mwili uleule, kinachobadilika zaidi ni injini. Ndiyo maana naanza kuamini kwamba mtu anayelinganisha matrekta madogo afadhali aangalie ukubwa wa injini kwa sisi (cc, yaani ujazo wa silinda zake) na uzito wa chuma kabla ya hosipawa. Hizo cc hazipungui ukipanda Kinangop.

Sheria hiyo si yetu, lakini maneno yake yamefika. "Hii haina kompyuta, madam," naambiwa kila mahali, kama vile kompyuta ni ugonjwa. Siwalaumu. Januari 2025 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia ushindani lilimshtaki John Deere kwa kuwabana wakulima wasiweze kujirekebishia mashine zao bila wakala wake. Habari kama hiyo ikishafika kwa muuzaji wa rangi nyingine hapa Nairobi, tangazo limejiandika lenyewe.

Jumamosi moja mjomba alishuka mjini, tukaenda pamoja. Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba ukiwa mwanamke na umeandamana na mzee, muuzaji haoni daftari lako.

"Mzee, hii inanyanyua kilo 1,300," akamwambia mjomba, akiipigapiga mikono ya nyuma ya haidroliki.

"Imepimiwa wapi?" nikauliza.

"Wapi vipi, madam?"

"Kwenye ncha za mikono, au sentimita 61 nyuma ya ncha?"

Akamtazama mjomba. Mjomba akatazama tairi. Kipimo cha kwenye ncha huwa kikubwa zaidi, na ndicho kinachopenda kuandikwa kwa herufi nene. Lakini hakuna zana inayokaa kwenye ncha. Rotaveta ina unene, mapipa ya dawa yana unene, uzito wao uko nyuma zaidi, na huko nguvu ya kunyanyua huweza kushuka kwa robo nzima. Ukiongeza kwamba trekta dogo likibebeshwa mzigo nyuma hunyanyua pua, utaona kwa nini dereva mmoja aliyekuwa hapo nje akisubiri kuchukua filta alituambia, bila kuulizwa, kwamba la kwake amelifungia mawe mbele.

Mambo ya mafuta nitayapita haraka kwa sababu hesabu yake ni fupi. Tuliambiwa trekta la hosipawa 40 linakunywa lita tatu kwa saa. Hosipawa 40 ni kilowati 30. Injini ya dizeli ya kawaida huhitaji gramu 250 hivi za mafuta kwa kila kilowati kwa saa ikifanya kazi kamili, yaani kilo saba na nusu, yaani kama lita tisa. Lita tatu ni kweli, ikiwa trekta linavuta trela tupu au limesimama likinguruma huku dereva akizungumza na simu. Namba si ya uongo, ni ya kazi nyepesi. Nilimwonyesha muuzaji hesabu kwenye simu, na kwa heshima yake niseme hakubisha. Alisema tu kwamba lita tatu ndizo alizopewa kwenye mafunzo.

Kuna pia ushindani ambao shorumu hazipendi kuutaja, wa matrekta ya mtumba. Kutoka Uingereza zinakuja Massey zilizopakwa rangi mpya. Kutoka Japani zinakuja Kubota, Iseki na Yanmar ndogondogo, za hosipawa 20 kupanda, zikiwa na maandishi ya Kijapani kwenye kila wenzo. Wamarekani waliligombania jambo hilohilo miaka ya 1990: Kubota ilipinga kuingizwa kwa matrekta yake yaliyotumika kutoka Japani, ikisema hayafanani na yanayouzwa Marekani, na kwamba maandishi ya usalama hayasomeki kwa mnunuzi. Mahakama ya rufaa ikaikubalia mwaka 1999. Kampuni ikajikuta ikibishana kwamba trekta lenye jina lake silo trekta lake. Huku kwetu hakuna aliyekwenda mahakamani, na mafundi wa Kinangop wanaisoma hiyo Kijapani kwa vidole. Tatizo la mtumba ni saa. Mita ya saa huonyesha 900 kwenye trekta ambalo pedeli ya klachi imelika hadi chuma kinang'aa. Ukiona hivyo iamini pedeli.

Na hapo tunafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ushindani wa kweli wa matrekta Nairobi unafanyika: Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ukitaka kujua soko linaliamini trekta gani, usihesabu mabango ya Mombasa Road. Simama kwenye duka la vipuri uulize klachi pleti ya Massey 135, trekta lililoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1960 kule Coventry. Utaulizwa: ya India, ya Pakistan, ya Uturuki, au orijino? Zote zipo, zimetundikwa ukutani. Kisha uulize ya trekta jipya lenye kipeperushi kizuri kuliko vyote. Muuzaji ataandika namba yako ya simu.

Shorumu nazo zinajua hilo, ndiyo maana kila moja hudai kuwa na "vipuri vya kutosha nchini kote". Dai hili ndilo jepesi kulitoa na gumu kulipima, kwa sababu linahusu miaka ijayo. CMC Motors ilikuwepo tangu 1948. Ndiyo iliyotuuzia New Holland, na mwaka 2023 iliamua kuacha magari ili ishughulikie kilimo. Januari 2025 ikatangaza kuondoka Afrika Mashariki. Jina la trekta lilibaki palepale, imara kama zamani, na kiwanda hakikutikisika. Aliyekuwa ameahidi vipuri ndiye aliyeondoka. Mkulima aliyesaini mwaka 2023 kwa sababu muuzaji alikuwa na miaka 75 ya kujisifia hakudanganywa. Ile miaka 75 ilikuwa ya kweli kabisa.

Sheria tunazo, tena nzuri. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 55, inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Sasa jiweke mahali pa wakili: umshtaki nani kwa hosipawa 35? Zilipimwa. Zipo. Ziko kilopaskali 100, nyuzi 25, kwenye flaiwili. Kama kuna mtu aliyepotosha, ni mlima wa Aberdare.

Mjomba hakujali sana falsafa yangu ya kilopaskali. Tulipokuwa tukila nyama Kenyatta Market alinisikiliza hadi mwisho, akatafuna, akasema yeye angependa tu kuliona likigeuka kwenye kona ya shamba lake bila kukanyaga mifereji. Basi tukaanza kuwapigia wauzaji kuwaomba walete trekta Njabini, na rotaveta yake, lilime kipande mbele ya macho yetu. Hapo ndipo mchujo ulipofanyika wenyewe. Mmoja alisema kampuni haina sera hiyo. Mwingine alitaka tulipie lori la kulibeba. Wa tatu akasema tuje tuone video. Mmoja, kijana aliyekuwa mpole kuliko wote pale shorumu, na ambaye trekta lake halikuwa namba moja ya kitu chochote nilichokumbuka, akauliza siku gani.

Lilikuja likiwa na rotaveta ya mita 1.4. Kwenye gia aliyoanza nayo dereva wao lilinguruma, likatoa moshi, likapunguza mwendo mpaka likawa linatembea kama mtu aliyebeba jeneza. Akashusha gia mbili, likalima vizuri tu, polepole. Ekari moja ilichukua karibu mara mbili ya muda ulioandikwa. Kwenye kona liligeuka bila kukanyaga mfereji, na hilo mjomba alilitazama kwa muda mrefu kuliko mengine yote.

Tulirudi kwenye bei, na mjomba akaleta sharti lake. Alitaka iandikwe kwenye mkataba wa mauzo, kwa maneno ya kawaida, kwamba trekta hilo litazungusha rotaveta ya mita 1.4 kwenye gia ile ya chini, katika shamba lake la Njabini, kwenye udongo wa baada ya mvua ya kwanza, na kwamba klachi pleti mbili na seti ya filta za mwaka mzima zitakabidhiwa siku ya kuchukua funguo. Kijana aliyasoma maneno hayo mara mbili, akasema hajawahi kuona mkataba wa hivyo, akaupiga picha na kumtumia meneja wake.

Meneja amejibu leo asubuhi. Klachi pleti na filta amezikubali bila neno. Sentensi ya rotaveta anataka iongezewe "katika mazingira ya kawaida". Mjomba amenipigia kuniuliza hayo mazingira ya kawaida ni ya wapi, na kama yako chini ya mita 2,500 nimwambie meneja ayatoe.